Nikiosha vyombo akili inatoroka. Nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Nilishauriwa niwe naweka akili yangu yote kwenye kazi niliyoishika, hata kuosha vyombo, ili nipunguze mawazo na nipate furaha kidogo. Nimejaribu wiki mbili sasa. Sahani ya pili tu, akili imeshafika kwenye ada ya shule, imepita kwa mama mkwe, imetua kwenye marejesho ya kikoba. Nakosea wapi? Nifanye dakika ngapi? Na hiyo furaha inakuja lini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea. Umeelekezwa nusu ya zoezi, ndiyo maana unajilaumu.

Akili kutoroka ni tabia yake. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha matokeo ya watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu, kwa kushtukizwa, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo mawazo yao hayakuwa kwenye jambo walilokuwa wakilifanya. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha kuliko waliotulia kwenye kazi yao, na waliowaza mabaya walikuwa na hali mbaya zaidi.

Sasa ile nusu uliyonyimwa. Unapokuwa kwenye sahani ya pili ukashtuka, “Kumbe niko kwenye kikoba,” hapo ndipo zoezi lilipo. Kushtuka, kisha kurudi mikononi bila kujigombeza. Ukitoroka mara ishirini ukarudi mara ishirini, umefanya zoezi mara ishirini. Wanaoswali wanaijua kazi hii ya kuuhudhurisha moyo: haifanyiki mara moja mwanzo wa sala ikaisha, unaurudisha moyo kila unapoponyoka.

Kingine, “akili yote” ni agizo kubwa mno, mtu hajui aanzie wapi. Chagua kitu kimoja cha kurudia. Mimi napenda watu waanze na vidole. Sahani yenye mafuta huteleza. Ikitakata, kidole kinakwama na sahani inalia. Jaribu kukikamata kile kipindi inapotoka kwenye kuteleza kwenda kwenye kulia. Siku nyingine fuata sauti ya dodoki kwenye sufuria, au joto la maji linavyopungua kwenye beseni. Na upumue polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kidogo kila tunapotoa pumzi.

Habari ya dakika iache. Anza na vikombe tu. Vikombe vikiisha, waza unachotaka. Baada ya siku kadhaa ongeza sahani. Profesa Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya aina hii katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, aliyapangia wiki 8, na zoezi maarufu la mwanzo ni kula zabibu kavu moja polepole. Zabibu moja! Kwa hiyo wiki zako mbili bado ni changa.

Vyombo navyo vimewahi kupimwa. Katika utafiti wa mwaka 2015 wa wanafunzi 51 wa Chuo Kikuu cha Florida State, walioosha wakizingatia harufu ya sabuni, joto la maji na mguso wa sahani walisema wasiwasi wao umepungua kwa asilimia 27; waliosomeshwa tu namna ya kuosha vizuri hawakuona badiliko. Ni utafiti mdogo, na ni wa tukio moja, kwa hiyo nakupa kama dalili njema, si ahadi.

Lakini ada ni ada. Haiondoki kwa povu la sabuni, na sitaki zoezi hili liwe mahali pa kujificha. Weka daftari karibu na beseni. Wazo la ada likija, liandike neno moja, rudi kwenye vyombo. Ukimaliza, kaa na daftari dakika kumi na kalamu, upige hesabu kweli.

Kuhusu furaha, usiitafute kwenye vyombo kwanza. Tafuta kazi ambayo tayari ina utamu wake kwako: kumwogesha mdogo, kukaanga vitunguu, chapati inapofura juu ya kikaango. Utamu huo ulikuwapo, ila mazoea yameufunika. Ukiuona, mwambie mtu palepale, hata mtoto: “Sikia harufu hii!” Furaha iliyotajwa kwa sauti hukaa zaidi kuliko iliyopita kimya, na hili naliona kwa wengi ninaowahudumia.

Jambo moja nataka ulichukulie kwa uzito. Ikiwa ukitulia hivyo kifua kinabana, au zinarudi kumbukumbu za kupigwa au kufiwa, acha, fumbua macho, tembea, ongea na mtu. Na kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, chakula hakipiti na hakuna kinachokupendeza, nenda hospitali, uulize huduma ya afya ya akili. Hapo unahitaji mtu wa kukusikiliza ana kwa ana, na mazoezi ya vyombo yatasubiri.