Asilimia 90 ya tungamo haikuambii kitu kuhusu bolti

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nachambua kwa elementi finiti (kompyuta inagawa muundo vipande vidogo) jukwaa la chuma la kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Mzigo ni gunia la kilo 60 linalobwagwa juu ya boriti. Kishindo nimekiweka kama nusu ya wimbi la sine (nguvu inapanda na kushuka mara moja), milisekunde 20. Nimejumlisha modi (mitindo ya asili ya muundo kutetemeka) 10 za kwanza, 9 Hz hadi 38 Hz, kwa hatua ya milisekunde 5. Msogeo umepishana na hesabu ya moja kwa moja (isiyotumia modi, hatua kwa hatua) kwa asilimia 3 tu, ila mkazo kwenye bamba la bolti ni MPa 61 badala ya MPa 118. Mwenzangu anasema modi hizo zimeshika asilimia 92 ya tungamo (masi) ya jukwaa, zaidi ya 90 inayotakiwa, nisihangaike. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na mwenzako asisaini kitu kwanza.

Hiyo asilimia 90 ni kanuni ya tetemeko la ardhi. Inapima jinsi jengo zima linavyoitikia msingi wake ukitikiswa kuelekea upande mmoja. Gunia lako halitikisi msingi, linapiga boriti moja. Modi ya boriti hiyo ikicheza peke yake inaweza kubeba asilimia 2 tu ya tungamo, na bado ndiyo inayolipinda bamba lako. Kila wiki naletewa kazi yenye kosa hili, na kila mara chanzo ni kile kile: video ya dakika kumi, au faili la mfano linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, lenye modi 10 kwa sababu programu ilikuja na 10.

Msogeo ulikudanganya kwa kuwa unatawaliwa na modi za chini. Mkazo unafuata mpindo, na modi za juu husogea kidogo lakini hupinda sana.

Kishindo cha milisekunde 20 kina nguvu ya maana mpaka karibu 75 Hz, nawe umeishia 38. Toa modi hadi 150 Hz. Hapo kipindi kifupi ni milisekunde 6.7, kigawe kwa 20, hatua yako iwe milisekunde 0.33. Anayekwambia kujumlisha modi kunaruhusu hatua ndefu anachanganya mambo: kila hatua ni nafuu, lakini wimbi bado linahitaji nukta za kulichora.

Kisha washa vekta za mabaki, ambazo hurudisha mchango tuli wa modi ulizoziacha. Kwenye baadhi ya programu mzigo lazima uwepo tangu hatua ya kutafuta modi, la sivyo hakuna kinachoongezwa na huenda usipewe onyo. Ufifishaji, yaani jinsi mtetemo unavyopoa, nao ufanane kwenye hesabu zote mbili, vinginevyo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Kipimo cha kujihakikishia ni hiki. Weka kilele cha mzigo kama mzigo tuli, soma mkazo wa bamba. Halafu pandisha mzigo huohuo polepole, kwa sekunde 1 hivi, kupitia modi zako. Zikipishana zaidi ya asilimia 5, modi hazitoshi, hata tungamo iwe asilimia 99.

Lakini bolti zenyewe zinanitia wasiwasi zaidi. Modi huhesabiwa mara moja, mguso (pale vipande vinapogusana) ukiwa umegandishwa ulivyokuwa mwanzoni. Bamba likiinuka hata kidogo, mpira wa chini ukikakamaa, au chuma kikivuka kiwango cha kunyumbuka, kujumlisha modi hakuna maana tena, na programu itaendelea kukupa picha nzuri za rangi. Angalia nguvu inayovuta kila bolti dhidi ya nguvu yake ya awali ya kukazwa. Ikiizidi, rudi kwenye hesabu ya moja kwa moja yenye mguso halisi, hata ikikesha.

Nawe unayepokea ripoti ya namna hii, iwe Moshi au Arusha, usianze na picha. Uliza modi ya mwisho ilikuwa Hz ngapi, na mzigo ulikuwa na Hz ngapi. Asiyejibu papo hapo, mrudishie karatasi zake.