Barua kwa mwanangu: Uliponiuliza raha ya kula ilitoka wapi

Tanga, Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kipupwe kimeingia na magoti yangu yanalalamika, ila sokoni bado nakwenda mwenyewe, simtumi mtu. Baba yako anakusalimu sana.

Juzi usiku uliniandikia hivi: "Mama, nyumbani tulikula vilevile mwaka mzima, ugali, wali, dagaa, mchicha, na bado saa ya kula ikifika ilikuwa furaha. Mimi huku Dodoma nina mshahara, nina jiko la gesi, nina friji. Nakula peke yangu, macho kwenye simu, nikimaliza sijui hata nimekula nini. Ile raha wewe ulikuwa unaitoa wapi?" Nilitaka nikujibu kwa simu, nikaona salio litaisha hata sijafika kwenye tui. Bora niandike.

Kwanza usinipambe. Usidhani kila siku nilisimama jikoni roho kwatu. Siku nyingi nilipika kwa sababu kuna watu wana njaa na mwenye mwiko ni mimi. Moshi machoni, mgongo unauma, na mmoja wenu analia kuwa amenyimwa ukoko. Dada yako hunionyesha kwenye simu yake wanawake wanaokata vitunguu huku wanacheka, jikoni kunang'aa kama chumba cha harusi. Mimi namwambia, huyu hana watoto, na kama anao basi wamepelekwa kwa bibi yao.

Raha ilikuwapo lakini, hapo sikupingi. Ninapokupinga ni pale uliposema tulikula vilevile mwaka mzima. Si kweli. Wewe ulikuwa mtoto, chakula ulikiona kikiwa kimeshafika sahanini.

Chukua hao dagaa. Dagaa wa bahari yetu huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, dagaa hawazifuati, wavuvi hukaa pwani wakishona nyavu zao. Giza likirudi ndipo mashua zinatoka, na asubuhi yake pale Deep Sea, soko letu la samaki, unakuta ndoo kwa ndoo, bado wanameta. Kwa hiyo dagaa wabichi tulikuwa nao kwa siku kadhaa, kisha hawapo, tunakula wakavu. Baba yako akirudi kutoka kuswali isha alikuwa anasimama kidogo uani, anaangalia juu, ananiambia, "Mke wangu, kesho kutwa weka ndimu." Basi mimi tangu hapo naanza kuwala hao dagaa kichwani: niwakaange wakauke, au niwatie bilinganya na embe mbichi?

Na si dagaa tu. Kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, changu anapanda bei mpaka unamwangalia tu na kumsalimia. Hapo tulihamia kwenye kunde, mbaazi na kisamvu, na nyinyi mkanung'unika. Wakati huohuo machungwa ya Muheza yanajaa, mnakata kikofia na kufyonza mpaka midomo inawasha. Kaskazi ikaleta maembe. Malori ya Lushoto yakateremsha kabichi na karoti, na msimu wake ukifika, matunda damu, yale ambayo dada yako alikula mengi akakesha chooni. Kila kitu kilikuwa na zamu yake ya kuja na kuondoka. Wewe friji yako ina kila kitu kila siku, ni kitu gani kitakachokufanya ukingoje?

Kungoja nilifundishwa na miaka ya 80. Niliolewa 1982. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini vilikwisha na fedha za nchi. Maduka ya kaya yalikuwa na rafu zimesimama tupu. Sukari foleni, sabuni foleni, na sabuni ikikosekana tulifua kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, kuna watu walitupa mali zao usiku, maana kukutwa na katoni za sabuni uvunguni ilikuwa kesi. Unga uliopatikana ulikuwa wa mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, watu wakaupa jina la Yanga kwa rangi yake. Baba yako, unavyomjua na Simba yake, aliapa kuwa Yanga haitapita kooni mwake. Siku ya kwanza alilala na chai. Siku ya pili alikula. Siku ya tatu nilimkuta anakwangua sufuria.

Nilikuwa mwali mgeni katika nyumba ya bibi yako, mama mzaa baba yako, Mungu amrehemu. Muhogo ndio uliotubeba. Bada, ule ugali wa muhogo, na papa mkavu, bada na kisamvu, bada na chochote. Chai ilipokosa sukari, alikamua miwa, akachemsha yale maji na majani ya chai humohumo. Haikuwa tamu sana, na ilikuwa na harufu ya shamba, lakini aliinywa kikombe kimepakatwa mikononi kana kwamba ameletewa na sultani. Siku moja baba yako akapata kilo moja ya sukari bandarini kwa njia ambayo sikuuliza. Mimi nikadhani itafungiwa kabatini tuidonoe mwezi mzima. Bibi yako akaloweka mchele usiku uleule. Asubuhi akachoma vitumbua, akawaita watoto wa nyumba zote za mtaa huu wa Ngamiani walioweza kusikia sauti yake. Nikamwuliza, mama, tusingeiweka? Akaniambia, "Sukari ya kuficha huliwa na sisimizi au na polisi. Hii italiwa na watu."

Vitumbua vile nimevila mara nyingi baadaye, biashara ilipofunguliwa na mchele na sukari kurudi madukani. Vizuri tu. Lakini mpaka leo nikipita mwanamke anachoma barabarani, vinavyonijia ni vile vya kilo ile moja, na kelele za wale watoto.

Sasa nije kwenye tui, maana hapa ndipo jibu lako lilipo hasa.

Unakumbuka kuwa katika nyumba yetu hakuna aliyekula bila kutia mkono. Baba yako kazi yake samaki, kuchagua na kupara. Dada yako mchele, kupeta na kuchambua. Mdogo wenu, aliyekuwa hajui lolote, kazi yake kumfukuza paka. Wewe ulikuwa juu ya mbuzi, unakuna nazi, na nazi nne zilikuwa zinatoa machicha ya nazi tatu, nyingine sijui zilikwenda wapi, ila ulikuwa hupendi kuzungumza wakati wa kukuna kwa kuwa mdomo umejaa. Nilijua. Nilikuwa naongeza nazi moja makusudi.

Ukishakamua, lile tui la kwanza zito, kasimile, unaliweka kando. Tui la pili na la tatu, yale mepesi, ndiyo yanayoivisha kunde au kisamvu. Kasimile huingia mwishoni, na likishaingia huondoki. Moto unapunguza, chungu hufuniki, unakoroga taratibu upande mmoja mpaka lichemke kidogo, ukizubaa linakatika, mafuta huku, maji kule. Hizo dakika zilikuwa zangu. Redio iko dirishani, mchana ule wakitujalia taarabu ya hapa kwetu, Black Star au Lucky Star, Shakila anaimba na mimi naitikia vibaya. Huku mwiko unazunguka.

Nanyi mlikuwa wajanja. Mlijua mama anayekoroga kasimile hawezi kukukimbiza wala kukushika sikio. Kwa hiyo habari zote mbaya za nyumba hii nimezipokea nikiwa juu ya chungu. Alama zako za hesabu, hapo. Kioo cha jirani, hapo. Dada yako aliponiambia kuna kijana anataka kuleta posa, nilikuwa nakoroga mchuzi wa pweza, na nilishindwa hata kupiga vigelegele kwa kuogopa tui. Baba yako aliponiambia bandarini wanapunguza watu na yeye ni miongoni mwao, vivyo hivyo. Akasimama mlangoni, akasema, nikasema "kaa," akakaa kwenye mbuzi yako. Nikaendelea kukoroga mpaka likachemka. Kisha nikaepua, tukazungumza.

Tui la pakiti silitukani, mwaka huu nimelitumia mwenyewe Ramadhani mkono uliponiuma. Lakini pakiti unaifungua kwa mkasi, na mtu mwingine hapati nafasi ya kuingia jikoni akakwambia jambo.

Ramadhani yenyewe nikuguse kidogo, ingawa unaijua. Ile futari ya viazi na mihogo ya nazi nusu yake haikuliwa nyumbani. Ilitoka kwa sahani kwenda huku na huku, na yule mama wa Kisambaa wa nyumba ya pili, Mkristo, naye sahani yake ilifika kama za wengine. Krismasi ikaja pilau kutoka kwake, na ndizi za kwao mlimani. Sahani ya mtu hairudi tupu, hiyo hata wewe ulijua kabla hujajua kusoma. Mimi nilikuwa napika nikijua kuwa jioni hiyohiyo mwanamke mwingine atafunua kawa na kunisema, vizuri au vibaya. Usidharau raha ya kusemwa vizuri na mpishi mwenzako.

Sasa wewe. Watakwambia jipikie mwenyewe, jipende, jitengee meza na mshumaa. Mimi siamini hayo. Kujipikia peke yako kila siku ni kazi ngumu, na anayeiona ngumu si mvivu. Kwa hiyo sikwambii ukanunue nazi kwa bei ya huko uanze kukuna peke yako kama mfungwa.

Ninachotaka ni hivi. Acha kununua kila kitu sehemu moja Jumamosi ukafungia. Nenda Majengo sokoni, mtafute mama wa Kigogo anayeuza mlenda, mwulize huu mbichi na huu mkavu unapikwaje, na yeye nyumbani anaula na nini. Atakucheka kwanza. Mwache acheke. Kula ugali wa uwele angalau mara moja kabla hujasema huupendi. Ulize ubuyu umetoka wapi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka na mavuno ya pili hayako mbali, nawe umekaa huko muda wote huo na hujaniletea hata kichala. Ukijua kwamba zinakuja utazingoja, na ukizingoja utajua umekula nini.

La pili ni yule kijana wa Kigoma uliyenitajia, mnayefanya naye kazi, anayekaa chumba cha jirani na kula chipsi kila usiku. Nyinyi wawili mnakula wakati mmoja, kila mtu nyuma ya ukuta wake. Huo ni upuuzi, samahani kwa neno hilo. Kwao wanapikia mawese, na mgebuka wa ziwani nimesikia sifa zake miaka mingi sijawahi kuuonja. Mgongee mlango. Lakini usimkaribishe kula, mkaribishe kazi. Mpe nazi akune, au mpe mchele achambue. Mgeni wa kula hunawa mikono, akala, akaaga. Aliyekuna nazi haondoki mpaka ajue tui lake limefikia wapi, na hapo katikati mtazungumza. Simu wekeni juu ya friji, angalau hilo friji lifanye kazi ya maana.

Na ukioa, Inshaallah, na sikuharakishi ingawa baba yako anakuharakisha, usije ukamwachia mke wako jiko zima halafu ukaniuliza tena raha imekwenda wapi.

Nimekufungia boksi, litakuja na basi la kesho asubuhi, namba ya kondakta dada yako atakutumia. Ndani kuna nazi sita. Mbili nimezitia alama ya mkaa, hizo ni kuukuu kidogo, zitangulize. Dagaa wamekauka vizuri, lakini usiwaweke kwenye mfuko wa plastiki, watavunda. Watie kwenye karatasi na uwatoe vichwa kabla ya kukaanga. Papa nimemfunga mbali kwa ajili ya harufu, na kondakta nimemwambia ni viatu. Machungwa yako juu. Kifumbu ni kile cha zamani, kina mshono upande mmoja, kikamue taratibu.

Mbuzi haikuingia kwenye boksi. Baba yako anasema huko mafundi seremala wapo, akutengenezee moja, na umwambie kiti kiwe kipana, maana siku hizi umenenepa.

Nipigie ukilipokea, hata ikiwa usiku.

Mama yako