Mwanangu, Usiniulize Wakili Mkali

Msomaji anayejiita "Aliyechoka", mkazi wa Tabata, ameandika kwamba ameolewa kwa miaka 14, kwamba mumewe, muuza vipuri vya magari Kariakoo, ni mbahili na msiri, na kwamba anataka talaka pamoja na nyumba yote. Amekwisha kumpa shilingi 400,000 kijana aliyekutana naye nje ya mahakama moja ya hapa jijini, aliyemwambia, "Hakimu ni mtu wangu, mama." Tangu siku hiyo simu ya kijana haipatikani. Anauliza: "Shangazi, nitampata wapi wakili mkali, atakayemmaliza kabla hajashtuka?"

Mwanangu, pole kwa fedha zako. Laki nne si haba. Pole hiyo inatosha, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimezidi kumwonea huruma mumeo.

Unasema ni msiri, lakini katika ukurasa wa pili umeandika, kama jambo dogo la kupita, kwamba hati ya nyumba umeipeleka kuificha kwa mama yako Kimara bila mumeo kujua. Unasema hataki mazungumzo, ilhali mistari michache chini yake unalalamika kwamba amekuita mara mbili mwende mkakae mbele ya baraza, nawe ukakataa. Msiri hapo ni nani? Na huyo mbahili, kwa maandishi yako mwenyewe, ndiye anayelipa ada ya watoto watatu mpaka muhula huu. Kwa haya uliyoniandikia, mimi niko upande wake. Kama kuna kipigo ulichokiona aibu kukitaja, hilo ni jambo jingine kabisa: nenda leo hii kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, usisubiri wakili wala jibu langu.

Baraza ulilolikataa ndilo mlango wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika mazingira machache, mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndipo mahakama ipokee shauri la talaka. Wakili anayeijua kazi yake angekwambia hayo kabla hujamaliza kueleza shida yako. Kijana wako hakukwambia kwa sababu huyo ni kishoka, yaani wakili wa uongo, na aliyejigamba kwamba hakimu ni mtu wake alikuwa anakuuzia rushwa, nawe uliinunua.

Kuhusu nyumba, kifungu cha 114 cha sheria hiyo kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali mliyochuma pamoja kwa kutazama mchango wa kila mmoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Kwa hiyo huna sababu ya kuogopa kutoka mikono mitupu. Ila nyumba yote, mwanangu, hakuna wakili mwaminifu atakayekuahidi. Na kama hofu yako ni kwamba mumeo ataiuza, sheria inamkataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, na wakili anaweza kukuwekea zuio kwa Msajili wa Hati; kuficha karatasi Kimara hakukulindi, kunakuchafua tu mbele ya hakimu.

Sasa namna ya kumtambua. Si kila mwanasheria ni wakili: mwenye shahada ya sheria bado hana ruhusa ya kukusimamia mahakamani mpaka aandikishwe katika daftari la mawakili, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Muulize jina lake kamili na namba yake ya uwakili, kisha uhakikishe katika e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Hakuna wakili wa kweli atakayechukia swali hilo.

Mwaka fulani nilimsindikiza binti wa kaka yangu kwa wakili mmoja mwanamama, ofisi ndogo ya ghorofa ya pili yenye feni iliyokuwa ikipiga kelele. Hakugusa habari ya fedha. Aliuliza tarehe ya ndoa, nani alinunua kiwanja, nani alilipa mafundi, akaandika yote kwa mkono, halafu akaweka kalamu chini akamwambia, "Hapa na hapa utashindwa." Binti alinuna njia nzima mpaka Manzese. Baadaye alirudi kwake, kwa sababu ndiye pekee aliyemwambia ukweli. Wa namna hiyo ndiye wa kumtafuta, tena awe mzoefu wa mashauri ya ndoa, maana bingwa wa mikataba ya makampuni atajifunzia kazi kwako. Naye umweleze kila kitu, pamoja na safari ya ile hati, kwani mficha uchi hazai.

Ada mkubaliane kwa maandishi kabla hajaanza: kiasi gani ni cha kazi, kiasi gani cha kufungua shauri, na nini kitaongezeka likiahirishwa, kila malipo yawe na risiti. Ukiwa huna fedha, kuna msaada wa kisheria bila malipo chini ya sheria ya mwaka 2017, na mashirika ya msaada wa sheria kwa wanawake, kama WLAC na TAWLA, yamesaidia wanawake wengi wa jiji hili.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Watu wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na nywila yake, kila mmoja na namba ya mwanasheria kwenye simu, na hawajawahi kuzima televisheni wakaulizana sebuleni, "Tumekoseana wapi?" Zamani tuliwaita wazee kwanza. Walikosea mara nyingine, lakini angalau walisikiliza pande zote mbili, jambo ambalo wewe hukumpa mumeo.

Kwa hiyo kabla ya wakili yeyote, panda daladala uende Kimara, uichukue ile hati na uirudishe kabatini ilipokuwa. Jioni mumeo akirudi kutoka Kariakoo, mwache ale kwanza, kisha umwambie kwamba ule mwito wake wa kwenda barazani umeukubali, na umuulize ni siku gani.