Kabla hamjaingia kinamasi cha Katonga

Juzi nimemwona kijana wetu mmoja akiandika "juu" kwa kalamu ya wino kwenye nailoni iliyolowa ya kufungia kipande cha matope. Nikakohoa, hakugeuka. Haya wadogo zangu mnaokwenda kuchomoa matope ya kale kule Katonga, Uganda, sogeeni kivulini.

1. Anzeni kwa kupanda Bigo bya Mugenyi, ngome ya kale ya mahandaki kando ya mto Katonga. Mahandaki yale, ukiyajumlisha, yanapita kilomita 10, na mengine yamekatwa kwenye mwamba. Yaliachwa na wafugaji wa karne nyingi zilizopita. Kutoka juu unaona mafunjo yote. Mkishuka, yeyote atakayeniambia kinamasi hiki hakijaguswa na mtu atabeba kekee ya kuchimbia matope peke yake.

2. Alama za upande wa juu ziwe za penseli, kwenye karatasi kavu, ndani ya mfuko. Mimi sikuambiwa. Au niliambiwa, nikawa naangalia ndege korongo. Msimu wangu wa kwanza tulitoa vipande 12 vya matope, kila kimoja nusu mita, mvua ikitupiga mgongoni, nami nikachora mishale ya kuonyesha upande wa juu kwa wino. Kufika kambini, vipande vitatu havina mshale. Jamani, ningesema tu! Badala yake nikanusa matope, nikayatazama kama mganga, nikachora mishale mipya kwa mkono usiotetemeka.

Miezi ikapita. Maabara wakahesabu chavua za mimea ya kale, ambapo matope ya chini ndiyo ya zamani zaidi: ng'ombe wametangulia malisho. Spora za kuvu wanaoota kwenye samadi zimejaa chini, chavua za msitu zimesimama juu yake. Mnadhani nilistuka? Niliandika ukurasa na nusu kueleza wafugaji wa ajabu waliochunga msituni. Kisha umri uliopimwa kwa kaboni ukaja: ncha ya juu ya kipande ni nzee kuliko ncha yake ya chini. Mwalimu wangu akavua miwani, akasema taratibu, "Katonga wenyewe uligeuka, ulikuwa ukienda magharibi hadi ardhi ya upande wa bonde la ufa ilipoinuka. Sasa na wewe umeigeuza sampuli?" Mto ulikuwa na sababu. Mimi nilikuwa na aibu tu.

3. Dawa ya mbu kabla ya jioni, si baada.

4. Mzee mchungaji akiwaambia msikanyage pale, msikanyage. Nilibaki na gamboti moja, na lile jingine liko chini huko, watakaokuja kuchimba baadaye watalipimia umri wake.

Vile vipande vitatu bado viko stoo, nyuma ya mapipa. Nendeni mkavione. Mishale yangu imefutika tena.