Barua kwa mwanangu: habari ya yule mbuzi

Mwanangu, salamu nyingi. Meseji yako ya jumapili nimeisoma mara tatu, na jana umeme ulipokatika nikakaa barazani nikaisoma tena. Unaniuliza, baba, nikiomba "mapenzi yako yatimizwe" huku moyoni nimeshaamua ninachokitaka, huo si unafiki? Na je niache kuongoza maombi pale jumuiya mpaka moyo wangu utulie? Unachokitaka nakijua, mama yako kaniambia habari za huyo kijana. Kwa kijana leo sigusi, japo nina la kusema.

Nilitaka nikujibu kwa simu nikaona maneno yananikimbia, nikasema bora niandike. Na kila nikianza kuandika namkumbuka yule mbuzi.

Unamkumbuka? Mweupe, ana doa jeusi sikioni, mlikuwa mnamwita Bibi Harusi. Wewe ulikuwa darasa la tatu, mwaka 2001, siku anaondoka ulimshika kamba ukaburuzwa mpaka kwenye mtaro wa jirani, ukagoma kula siku mbili. Tukawaambia ameuzwa kwa ajili ya ada ya kaka yako. Haikuwa ada mwanangu. Ada ya kaka yako ililipwa na bibi yako kwa hela ya ndizi.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule niliuza kahawa yetu butura. Butura unaijua ila watoto utakaowapata huko mjini hawataijua, yani kahawa bado ni ua mtini, anakuja mtu na hela taslimu anakupa kidogo leo, mavuno yakiiva yote ni ya kwake, wewe unabaki kulima shamba lako kama kibarua. Serikali inaipiga vita miaka yote na watu bado wanauza maana njaa haisubiri msimu. Ila mimi sikuwa na njaa, hapo ndo panauma. Nilichukua ile hela nikaingia na rafiki yangu mmoja biashara ya dagaa, tukanunua mzigo mbichi tukauanika mchangani, mvua ikanyesha wiki nzima, ukaoza wote. Mama yako sikumwambia kitu. Si butura, si dagaa.

Wiki chache baadae kanisani kwetu ikaja harambee ya kuezeka. Watu wanasimama, huyu bati tano, huyu bati kumi, jirani yetu wa pale juu kasimama kasema kumi na tano watu wakapiga vigelegele, nikajikuta na mimi nimesimama, nikasema bati ishirini, kahawa ikiuzwa. Kahawa gani? Mama yako alinigeukia anatabasamu, alikuwa na ile kanga yake ya kijani. Ule uso wake wa siku ile ninao mpaka leo.

Msimu ukafika, wazee wa kanisa wakaja na daftari. Nikawaambia chama cha wakulima hakijanilipa kahawa. Sentensi fupi tu, hata sikuipanga. Ila kijiji kina masikio, ndani ya wiki mbili watu wanasema karani wa chama anakula hela za wakulima, mke wake akienda kisimani wenzake wananyamaza. Yule bwana hakuwahi kuchukua hata senti moja yangu, na kahawa yangu hata mizani yake haikuiona.

Sasa bibi yako unamjua alikuwa mlokole wa zamani, wa ule uamsho uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukaingia kwetu Kagera. Wale watu kutembea nuruni kwao haikuwa maneno ya mimbarini, mtu alikuwa anasimama anataja dhambi yake kwa jina, niliiba jembe la fulani, nilimsengenya fulani, na kesho yake anarudisha jembe. Jioni moja kwenye ushirika wao nyumbani kwa bibi roho ikanichoma nikasimama. Nikasema ndugu zangu nimetoa ahadi mbele za Mungu kwa kiburi na nimedanganya kuhusu ile ahadi. Nilisema vizuri, machozi yakanitoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Wakaimba Tukutendereza wakanikumbatia mmoja mmoja. Nikatoka pale mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Bibi yako hakuniambia neno mpaka watu wameondoka. Alikuwa anakusanya vikombe. Akasema hivi bila hata kuniangalia: "Umeungama vizuri. Karani umemwona? Na mkeo?"

Mwanangu, niliona kama kanimwagia maji ya baridi. Nikamkasirikia kweli, nikaona huyu mama hana huruma, mtu katubu mbele ya watu thelathini bado anataka nini. Usiku sikulala. Maana alikuwa sahihi, nilikuwa nimewaambia wale ambao kuwaambia kulikuwa rahisi, tena nimewaambia ile sehemu inayoimbiwa wimbo. Kiburi kila mtu anakusamehe, kiburi ni dhambi ya heshima. Butura, dagaa, uongo juu ya mtu wa watu, hivyo nilivibakiza mfukoni.

Hapo ndo nilimwelewa Anania, yule wa Matendo 5 aliyeuza kiwanja akaanguka akafa mbele ya Petro. Siku zote nilidhani aliadhibiwa kwa kubana hela. Soma tena, Petro anamwambia kiwanja kilikuwa chako, na hata ulipokiuza fedha ilikuwa mkononi mwako, hakuna aliyekulazimisha. Angeleta nusu akasema hii ni nusu, angerudi nyumbani kwake akala chakula cha jioni. Tatizo lake alileta sehemu akaiita yote. Na mimi nilifanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mimi nilifanya kwenye toba.

Asubuhi nikaenda kwa karani. Nilimkuta anageuza kahawa kwenye turubai uani kwake. Nikamwambia yote pale pale nimesimama, butura, dagaa, na kwamba yale maneno chanzo chake ni mimi. Alikaa kimya muda mrefu akiendelea kugeuza. Halafu akachukua gunia akasema, "Basi, nishikie hapa." Nikashika mdomo wa gunia, akajaza, tukafunga, tukajaza lingine, mpaka jua limekuwa kali. Hakuniambia nimekusamehe, hajaniambia mpaka leo, na tunasalimiana vizuri tu. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikasema jina lake limetajwa bure na aliyesababisha ni mimi. Siku hiyo hakuna aliyeimba.

Mama yako nilimwambia usiku ule ule wa karani. Siku mbili hakusema kitu, anapika, anatenga, anaondoka. Siku ya tatu akasema, "Ile ahadi ni ya nyumba hii, si yako peke yako," akamfungua Bibi Harusi. Mbuzi alikuwa wake, alipewa na dada yake. Hela yake ilinunua bati chache tu, zilizobaki tulimalizia taratibu miaka miwili. Ukija, zile za upande wa kwaya ndo hizo, zimeshaanza kutu.

Tangu hapo mmenisikia nikisema mpaka mmechoka, Mungu hanunui kahawa kwenye ua. Mlidhani nawafundisha kilimo. Nilikuwa nasema usimletee Mungu kitu ambacho hakijawa, mletee kilichopo leo hata kama ni kibichi na ni kidogo. Ukimwambia nimekuachia yote na hujaachia, umemuuzia ua.

Ndo narudi kwenye swali lako sasa. Kuwa na unachokitaka moyoni sioni kama ni unafiki. Bwana Yesu mwenyewe kule Gethsemane alianza na anachotaka, kikombe hiki kiniepuke, kalisema wazi, ndo likafuata lile la mapenzi yako. Na hakumaliza kwa mara moja, Mathayo anasema alirudi mara tatu kwa maneno yale yale. Kwa hiyo mimi naona anza kwa kumwambia Baba namtaka huyu kijana, sitaki unikatalie, naogopa utanikatalia. Hiyo ndo kahawa uliyonayo leo.

Ila nikisema hivyo najipinga mwenyewe. Maana tukingoja moyo uive ndo tuseme mapenzi yako yatimizwe, nani atasema? Bibi yako alitufundisha ile sala tukiwa watoto, tunaisema tunasinzia, hatujui hata maana, na nadhani ile kuisema kila siku ndo imeniivisha kidogo mahali fulani. Kwa hiyo labda kuna ua ambalo Mungu analipokea, mradi ulimwambie ni ua. Sijui kama nimejieleza. Na hata ile toba yangu mpaka leo sina hakika, nilimwendea karani kwa sababu nimejikabidhi kwa Mungu, au kwa sababu bibi yako alikuwa ameshanishtukia na ningeaibika? Nimejiuliza miaka yote hiyo. Asubuhi nyingine nasema ni Mungu, jioni nasema ilikuwa aibu. Daudi naye hakuandika Zaburi ya 51, ile ya toba, mpaka nabii Nathani alipomwendea nyumbani kumwambia dhambi yake, na Mungu hakumwambia umechelewa, sasa umekamatwa.

Habari ya kuongoza maombi, mkono unaniwasha nikuandikie usiache, tena nilishaandika nikafuta. Nikikuambia usiache utakaa pale mbele kwa sababu baba kasema, na nikikuambia acha, utanyamaza kwa sababu baba kasema, na kile unachoniuliza kitabaki pale pale hakijaguswa. Nakuuliza tu kama bibi alivyoniuliza. Yuko mtu ambaye ukimwambia hili itakugharimu? Maana mimi umeniambia kwa meseji, na mimi ni baba yako, kuniambia mimi ni rahisi. Huyo kijana anajua kwamba unamwomba Mungu juu yake huku umeshajibu? Wale unaowaongoza wanajua? Sikulazimishi. Nauliza.

Na wewe mwenyewe nisamehe kwa lile la ada. Miaka yote hii nimekaa nalo, kila ukija nyumbani ukitaja yule mbuzi nacheka na nyie halafu natoka nje kama naenda kuangalia migomba.

Kabla sijaandika haya nilimuuliza mama yako kama nikwambie, maana ni habari yake pia. Aliwaza kidogo akasema mwambie, na umwambie sikulia siku ile kwa sababu ya mbuzi.

Baba yako