Jibu: Sosi ya wali wa kukaanga isiyo na soya

Dada, pole na mwanao. Umeuliza utie nini kwenye wali wa kukaanga badala ya soya sosi, maana soya inamletea mzio. Hapa Dodoma tuna ukwaju na zabibu kavu, na vinafanya kazi nzuri sana.

Chemsha mifupa ya ng'ombe, supu ikipoa engua mafuta, kisha pima vikombe 2. Weka vijiko 2 vya sukari kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mpaka iyeyuke na kuwa kahawia iliyokolea. Hapo usiondoke hata kidogo! Ikitoa moshi mwingi imeungua, itakuwa chungu, anza upya. Mimina supu taratibu kwa sababu itaruka, na mtoto akae mbali na jiko. Ongeza kijiko 1 cha rojo la ukwaju, zabibu kavu kiganja kimoja zilizopondwa, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga. Ichemke hadi ibaki kama nusu kikombe, chuja. Chumvi weka mwisho, ukitanguliza itazidi.

Kwenye friji inakaa siku 3 au 4. Kama huna, pika ya siku hiyo tu.

La muhimu kuliko yote: vile viungo vya mchemraba vya supu, soma karatasi yake kwanza, vingi vina soya. Mafuta ya kupikia nayo yasome. Mimi nanunua ya alizeti yaliyokamuliwa hukuhuku kwetu.