Ndugu yako yuko gereza la Kasapa, Lubumbashi, na anatumia dawa kila siku: namna ya kuzuia matibabu yasikatike

Mtu akikamatwa Jumamosi jioni pale mtaani Kamalondo au Katuba, dawa zake hubaki nyumbani juu ya meza. Familia inatafuta wakili, inatafuta pesa, inauliza ni kosa gani. Dawa inakuja kukumbukwa Jumanne, mgonjwa akiwa ameshaanguka. Kwa mwenye kifafa au kisukari cha insulini, siku hizo za kwanza ni za hatari kuliko miezi itakayofuata. Matibabu hukatikia milangoni, pale mtu anapotoka mikononi mwa ofisi moja na kuingia mikononi mwa nyingine. Basi tufuate milango yenyewe: kasho (mahabusu ya polisi), gereza, hospitali, kutoka.

Kwenye kasho, ibara ya 18 ya Katiba ya Kongo (Kinshasa) ya mwaka 2006 inasema mambo mawili ya kukumbuka: mtu asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria, na kila aliyefungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Hakuna haja ya kuisoma ibara hiyo kwa sauti ya ugomvi. Mwende watu wawili, mmoja awe mtu mzima anayejua ugonjwa, mumwambie OPJ, yaani ofisa wa polisi wa upelelezi: «Shefu, ndugu yetu ana kifafa. Anakunywa kidonge kila jioni. Akikosa usiku mmoja au mbili anaweza kuanguka na asiamke. Tunaomba uandike hivyo kwenye prosevebali, na hii hapa nakala ya ordonansi, karatasi ya dawa ya daktari.» Taja ugonjwa na kitakachotokea, kwa sababu jina la kidonge halimwambii kitu. Kilichoandikwa kwenye prosevebali, yale maandishi rasmi ya polisi, humfuata mtu mpaka parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Kilichosemwa kwa mdomo huishia kwa zamu hiyo. Hali ikiwa mbaya, mwombeni atie sahihi rekizisyo ya daktari, ile karatasi ya kumwita daktari amwone mtu aliye kizuizini.

Kosa la kwanza la familia ni kuleta vidonge vimefunguliwa na kutiwa kwenye sashe, kimfuko cha plastiki. Mlinzi hawezi kujua kama ni dawa ya presha au ni kitu cha kulevya, naye akikataa hamna hoja ya kumjibu. Leteni boksi la farmasi, na pleketi (karatasi za vidonge) zisizokatwa. Kosa la pili ni kumwachia mlinzi dawa ya siku kumi. Anaiweka kwenye droo, zamu inabadilika, ufunguo unaondoka naye. Kasho ni la siku chache: nendeni asubuhi na jioni na kipimo cha mara moja, mwone anameza. Pompu ya pumu ni jambo jingine kabisa. Hiyo ikae mfukoni mwake, na lisemeni hilo tena na tena mpaka lieleweke, kwa kuwa pumu haimngoji mwenye ufunguo.

Sasa karatasi. Ordonansi nzuri ina jina la dawa lenyewe (si la kampuni), miligramu, mara ngapi kwa siku, jina la ugonjwa, tarehe, sahihi na mhuri. Ongezeni sentensi moja ya daktari: «Dawa hii isikatwe ghafla.» Kuna kitu kidogo kinachoharibu mambo mengi: jina. Kwenye kadi ya hospitali ameandikwa kwa jina la ubatizo na la baba, kwenye hati ya kukamatwa ameandikwa kwa jina na postnomu, yaani jina la pili. Kwa karani wa gereza hao ni watu wawili. Ombeni daktari aandike upya kwa majina yale yale yaliyo kwenye hati. Toeni fotokopi tano: ya parke, ya zahanati ya gereza, ya wakili, ya mgonjwa, na ya nyumbani. Pigeni na picha kwa simu.

Mwenye virusi vya ukimwi ana kinga ya ziada. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki zake, na siri ya hali yake ni mojawapo. Karatasi yake isipite mikononi mwa walinzi wala makapita, wale wafungwa wanaosimamia wenzao. Itiwe kwenye bahasha iliyofungwa na ifike kwa muuguzi peke yake.

Gereza la Kasapa lilijengwa kwa watu wapatao 800 na limekuwa likibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Msongamano huo ndio unaoeleza karibu kila kitu kinachofuata: kifua kikuu, upele, muuguzi asiyeweza kukumbuka kila uso. Kanuni za Umoja wa Mataifa, zile zinazoitwa za Nelson Mandela, zilizopitishwa Desemba 2015, zinataka kila anayeingia gerezani apimwe na mtu wa afya mapema iwezekanavyo, atibiwe bure, kwa kiwango kile kile cha watu wa nje, na dawa zake za kifua kikuu na ukimwi ziendelee bila kukatika. Zinasema pia kwamba uamuzi wa matibabu ni wa mtu wa afya, na asiye mtu wa afya haruhusiwi kuupuuza. Kwa hali halisi, familia ndiyo hununua dawa nyingi. Lakini kumbukeni kwamba kinachoombwa ni haki, wala si fadhila ya mtu.

Wiki ya kwanza, tafuteni kuonana na muuguzi wa zahanati ana kwa ana. Mwulizeni: anafanya zamu siku zipi, nani anampokelea akiwa hayupo, na dawa za jioni hutolewa saa ngapi. Swali hili la mwisho lina uzito, maana vyumba hufungwa jioni na baada ya hapo zahanati iko mbali kama mji wa Likasi. Dawa ya usiku lazima iwe mkononi mwa mgonjwa kabla ya kufungiwa.

Nunueni daftari la shule. Kila mkileta dawa, andikeni tarehe, jina la dawa, idadi ya vidonge, tarehe ya kuharibika, kisha anayepokea atie sahihi. Leteni ya wiki moja na siku mbili za akiba: kidonge kimoja kwa siku ni vidonge 9, viwili kwa siku ni 18. Akiba ya mwezi mzima huibwa, huuzwa, au hubaki nyuma mgonjwa akihamishwa. Mkija wiki ijayo, ulizeni vimebaki vingapi. Vikibaki saba badala ya viwili, mgonjwa hakupewa au hakumeza, na hapo kuna la kuuliza kwa upole. Msizoeshe mtu matabishi, pesa ya chai, ya kupitisha dawa. Mkilipa mara ya kwanza, hiyo imekuwa bei, na maskini atakayekuja nyuma yenu atashindwa.

Kisukari kinataka maelezo zaidi, kwa kuwa gerezani chakula chenyewe hakina saa. Glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, ikimezwa asubuhi na bukari (ugali) ikaja jioni, sukari inashuka: jasho, kutetemeka, kuongea hovyo kama mlevi. Wenzake wa chumbani wafundishwe: vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, kisha mngoje dakika 15, mrudie ikiwa hajapata nafuu. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Mwambieni daktari wa nje kwamba mgonjwa anakula mara moja kwa siku. Huenda akabadilisha dawa au kipimo. Metformin ikiwa peke yake haishushi sukari kiasi hicho. Mwenye insulini, kwa upande mwingine, asiache hata kama hapati chakula vizuri. Kipimo kinapunguzwa na daktari, hakifutwi. Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu na kutoa harufu kama ya tunda lililooza, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile.

Chupa za insulini zisizofunguliwa zikae nyumbani kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa hudumu wiki nne hivi mahali pa baridi. Joto letu la Oktoba huiharibu, basi tumieni chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa kila siku, kikae zahanati. Sindano nazo zikae kwa muuguzi, 14 kwa wiki kwa anayechomwa mara mbili, ili mlinzi asiwe na sababu ya kuzikataa. Angalieni bomba la sindano limeandikwa 100. Bomba la 40 likitumika kwa insulini ya 100, alama ya 20 inakuwa kweli uniti 50, na hicho ni kipimo cha kuua.

Kikohozi gerezani hakingojewi. Nje tunasema wiki mbili. Ndani, kikohozi chenye homa, jasho la usiku au kukonda kiombewe kipimo cha makohozi mara moja. Dawa za kifua kikuu ni za bure kupitia mpango wa taifa, msizinunue kwa vipande sokoni. Ni miezi 6: miwili ya dawa nne kwenye kidonge kimoja, minne ya dawa mbili. Mtu mzima wa kilo 55 hadi 70 humeza vidonge vinne kwa mara moja kila siku. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Mwelezeni mapema, maana wengi huogopa na kuacha. Wengine huacha mwezi wa pili kwa kuwa wamepata nguvu, na hapo ndipo vijidudu sugu vinapozaliwa. Akiwa pia anatumia dawa za ukimwi zenye dolutegravir, lazima aongezewe miligramu 50 nyingine saa 12 baadaye, kwa sababu rifampicin, moja ya dawa za kifua kikuu, inaidhoofisha. Mwulizeni muuguzi jambo hili waziwazi, lakini faraghani.

Kwa kifafa: phenobarbital ni dawa inayodhibitiwa, bila ordonansi halisi itazuiliwa langoni. Mtu akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano, ni dharura.

Upele: losheni ya benzyl benzoate kuanzia shingoni hadi miguuni, chumba kizima siku moja. Kumpaka mmoja kati ya arobaini ni kutupa pesa.

Miguu ikivimba na kuchoma kama sindano, fikirieni chakula kabla ya figo. Anayeishi kwa mahindi matupu hukosa vitamini B1. Leteni maharagi, karanga, ndakala (dagaa), sombe (kisamvu). Na ombeni zahanati impe B1 na kumpima.

Wanawake wana yao. Pingu haziruhusiwi kwa mama aliye kwenye uchungu, anayejifungua au aliyetoka kujifungua. Aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia ukimwi ndani ya saa 72, kisha azitumie siku 28. Maasi ya Kasapa ya Septemba 2020, ambamo wanawake wafungwa walibakwa, yalidumu tangu tarehe 25 mpaka 28: saa hizo 72 zilikwisha wakiwa bado ndani. Familia ikisikia tu habari ya namna hiyo isingojee ushahidi. Iombe dawa siku hiyo.

Kupelekwa hospitali, iwe Sendwe au kwingine, mara nyingi kunakwamishwa na gari, mafuta na polisi wa kulinda, daktari akiwa ameshakubali. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa gereza: majina, namba ya faili, dalili, siku zilizoanza, maneno ya muuguzi. Rudini na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kama kesi haijaamuliwa, nakala nyingine iende kwa magistra, ofisa wa sheria mwenye kesi, na wakili aitumie ripoti ya daktari kuomba uhuru wa muda. Asiye na pesa ya wakili aulize msaada wa bure kwa chama cha mawakili. Kasisi wa gereza na ofisi ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu nao wapokee nakala. Ambaye kesi haijaamuliwa anaweza pia, kwa kanuni za Mandela, kutibiwa na daktari wake mwenyewe kwa gharama yake.

Kuhusu kutoka: wengi hutoka na nguo zao tu. Aliye mwezi wa tatu wa kifua kikuu anarudi mtaani kwake, Kenya au Ruashi hapa mjini, bila kadi, anaambiwa kuanza upya au haambiwi chochote. Kadi ya matibabu na dawa za wiki mbili ziombwe siku ile hukumu inaposomwa au dhamana inapokubaliwa, kwa sababu lango linaweza kufunguliwa jioni, muuguzi akiwa ameshakwenda nyumbani.